Mcheza kwao hutuzwa: Namna ya kumpima mwanasoka anayestaafu bila taji

MWANASOKA mashuhuri anapotundika daluga, hukumu juu yake hutolewa kwa haraka. Kabla jasho la mechi yake ya mwisho halijakauka, mashabiki huwa wamekwisha kuhesabu vikombe alivyotwaa. Akikosa hata kimoja, mizani huinamia upande mmoja tu: alikuwa hodari, lakini hakushinda lolote.

Neno hilo "lakini" limewavunjia heshima wachezaji wengi. Sisi tunaohariri magazeti tunalifahamu vyema, kwani ndio tunaoandika vichwa vya habari kama vile "Astaafu mikono mitupu". Kichwa cha maneno matatu kikishachapishwa, huwa vigumu kukifuta hata kwa makala ya maneno elfu tatu.

Waswahili husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Makala haya yanaeleza vigezo ambavyo msomaji anaweza kuvitumia kumpima mwanasoka wa aina hiyo bila kumwonea na bila kumpendelea. Mfano wetu mkuu ni Matthew Le Tissier, kiungo mshambuliaji wa Southampton ya Uingereza aliyestaafu mwaka 2002. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, alichezea klabu moja kwa misimu 16 katika ligi ya daraja la juu na hakutwaa kombe lolote kubwa. Pili, alipata nafasi ya kwenda kwingine kulikokuwa na vikombe, akakataa. Kesi yake, kwa hivyo, ina pande zote mbili za shauri: ya kumtetea na ya kumshtaki.

MASWALI MATATU, SI MOJA

Kosa la kwanza katika mijadala mingi ya soka ni kuchanganya maswali matatu yaliyo tofauti. Swali la kwanza ni la kipawa: mchezaji huyu aliweza kufanya nini na mpira ambacho wenzake hawakuweza? La pili ni la mafanikio: alishinda nini? La tatu ni la urithi: ameacha nini nyuma yake?

Idadi ya vikombe hujibu swali la pili peke yake. Haiwezi kujibu la kwanza, kwa maana mabeki wa akiba wa timu kubwa wamestaafu wakiwa na nishani nyingi kuliko mafundi waliowatoa jasho uwanjani. Wala haijibu la tatu ipasavyo, kwani wapo mabingwa ambao majina yao yamesahaulika hata katika miji waliyoichezea.

Hii haina maana kwamba vikombe ni upuuzi. Kandanda huchezwa ili mtu ashinde, na mchezaji anayesema hajali ushindi ni wa kutiliwa shaka. Maana yake ni kwamba kila swali lijibiwe kwa ushahidi wake.

SAFARI YA LE TISSIER

Le Tissier alizaliwa Oktoba 14, 1968 katika Guernsey, kisiwa kidogo kilicho karibu na pwani ya Ufaransa. Alijiunga na Southampton akiwa kijana mwaka 1985 na kuanza kuichezea timu ya kwanza mwaka 1986. Hakuondoka tena hadi alipostaafu.

Southampton ya zama zake haikuwa klabu ya mataji. Kombe kubwa pekee katika historia yake ni Kombe la FA la mwaka 1976, ambalo lilitwaliwa miaka 10 kabla ya yeye kuingia kikosini. Uwanja wake wa The Dell ulikuwa finyu, na katika miaka yake ya mwisho uliweza kuwachukua takriban watazamaji 15,000 tu. Misimu mingi, azma ya klabu haikuwa ubingwa bali kuepuka kushushwa ngazi.

Mchezaji huyo alifika Wembley katika fainali moja tu akiwa na klabu hiyo, mnamo Machi 1992, katika kipute kidogo cha Full Members Cup kilichokuwa kikijulikana kwa jina la mfadhili wake. Alifunga bao, lakini Nottingham Forest ikashinda 3-2 baada ya muda wa ziada.

Alipostaafu alikuwa amefunga mabao 209 katika mashindano yote, ya pili kwa wingi katika historia ya Southampton nyuma ya Mick Channon. Mabao 100 kati ya hayo aliyafunga katika Ligi Kuu ya Uingereza, ambapo alikuwa kiungo wa kwanza kufikisha idadi hiyo. Aliipigia klabu hiyo penalti 48, akafunga 47. Ile moja iliyomponyoka iliokolewa na kipa Mark Crossley wa Nottingham Forest mnamo Machi 1993.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Kigezo cha kwanza ni kukumbuka kwamba kombe ni mali ya kikosi. Mchezaji mmoja miongoni mwa 11 hawezi kuwa kipa, beki na mshambuliaji kwa wakati mmoja. Hawezi kumuuzia mwenye klabu wazo la kununua beki bora, wala kuongeza viti vya uwanja ili mapato yaongezeke. Ubingwa wa ligi ndefu, hasa, huamuliwa na upana wa kikosi: ni nani anayeingia pale nyota anapoumia mwezi wa Januari?

Tukio moja linadhihirisha hoja hii. Mnamo Desemba 1994 Southampton ilizuru Blackburn Rovers, timu iliyotwaa ubingwa msimu huo. Le Tissier aliwapiga chenga mabeki katikati ya uwanja, kisha akaachilia kombora la mbali lililompita kipa Tim Flowers, aliyewahi kuwa mwenzake Southampton. Bao hilo lilichaguliwa kuwa bao bora la msimu nchini Uingereza. Hata hivyo Blackburn ilishinda mechi hiyo 3-2, na mwisho wa msimu Flowers akavishwa nishani ya ubingwa.

Flowers alistahili nishani yake, na hakuna aliyempokonya. Lakini mtu akiulizwa ni nani alikuwa na kipawa kikubwa zaidi uwanjani siku hiyo, kumjibu kwa kuhesabu nishani ni sawa na kupima urefu wa nguo kwa kilo.

HESABU YA MABAO NA UZITO WA TIMU

Kigezo cha pili ni kupima takwimu za mchezaji dhidi ya uzito wa timu aliyoibeba. Katika msimu wa 1993/94 Southampton ilifunga mabao 49 katika ligi. Le Tissier alifunga 25 kati ya hayo, yaani zaidi ya nusu, ingawa hakuwa mshambuliaji wa kati. Ni Andy Cole wa Newcastle na Alan Shearer wa Blackburn pekee waliomzidi, huku Chris Sutton wa Norwich akilingana naye.

Timu yake ilimaliza ikiwa na pointi 43, moja tu zaidi ya Sheffield United iliyoshushwa ngazi. Siku ya mwisho ilitoka sare ya 3-3 na West Ham, na Le Tissier akafunga mawili. Katika hesabu nyembamba kiasi hicho, kila bao lake lilikuwa na thamani ya mishahara ya watu wa kilabuni na ya biashara zinazoizunguka klabu. Hakuna kombe linalotolewa kwa kushika nafasi ya 18 kati ya timu 22, lakini kazi iliyofanyika haikuwa ndogo.

Tulinganishe na mabingwa wa mwaka huo, Manchester United, waliofunga mabao 80. Mfungaji wao bora katika ligi, Eric Cantona, alipata 18, ambayo si hata robo ya jumla. Hatusemi kwamba Le Tissier alimpita Cantona. Tunasema mizigo yao ilikuwa tofauti: mmoja alikuwa nguzo miongoni mwa nguzo, mwingine alikuwa nguzo na paa kwa pamoja.

Lakini haki ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Katika timu dhaifu kila mpira hupitia kwa nyota mmoja, na penalti na frikiki zote huwa zake. Hilo huikuza hesabu yake. Mchezaji huyo angehamia klabu kubwa, pengine angepokonywa nusu ya mipira hiyo na angetakiwa kukimbia zaidi bila mpira. Kwa sababu hiyo takwimu zisisomwe peke yake. Ziulizwe pia zilipatikana dhidi ya nani.

UBORA WA WAPINZANI

Kigezo cha tatu, basi, ni ubora wa wapinzani. Wapo wachezaji wanaorundika mabao dhidi ya timu za mkiani na kupotea wakikutana na vigogo. Le Tissier hakuwa wa aina hiyo.

Mnamo Oktoba 1993, aliporejeshwa kikosini baada ya kuachwa nje kwa mechi kadhaa na kocha Ian Branfoot, aliifunga Newcastle mabao mawili katika ushindi wa 2-1. Katika la kwanza aliunasa kwa kisigino mpira uliokuwa umempita nyuma, akamzunguka beki mmoja, akauinua juu ya kichwa cha mwingine, kisha akautia wavuni kwa utulivu. Mnamo Aprili 1996 alifunga bao moja Southampton ilipoilaza Manchester United 3-1. Miezi sita baadaye timu hizo zilipokutana tena na Southampton ikashinda 6-3, aliuinua mpira kwa ustadi ukapita juu ya kipa Peter Schmeichel, mmoja wa makipa bora wa enzi hiyo.

Kwa ufupi, mabingwa walimjua. Hilo ni jambo ambalo orodha ya vikombe haiwezi kulionyesha.

USHAHIDI WA WENZAKE

Kigezo cha nne ni kauli za watu wa kazi yenyewe. Seremala hupimwa na maseremala. Mwaka 1990 wachezaji wa kulipwa wa Uingereza walimchagua Le Tissier kuwa mchezaji bora chipukizi wa mwaka.

Alan Ball, aliyetwaa Kombe la Dunia na Uingereza mwaka 1966, alipoteuliwa kuinoa Southampton Januari 1994, aliamua kwamba kikosi kizima kijengwe kumzunguka kiungo huyo. Mtu aliyekuwa na nishani kubwa kuliko zote katika kandanda hakumwona kuwa mchezaji wa nusu kwa kukosa nishani.

Xavi Hernandez naye, kiungo aliyeshinda karibu kila kinachoweza kushindwa akiwa na Barcelona na Uhispania, amewahi kueleza kwamba utotoni mwake huko Catalonia alivutiwa mno na mabao ya Le Tissier aliyoyatazama kwenye runinga. Ushahidi wa namna hii hauna budi kupokewa kwa tahadhari, kwa kuwa wachezaji husifiana kwa urahisi wakati wa kuagana. Lakini sifa zinapotoka kwa mtu asiye na deni lolote kwa anayesifiwa, na aliyekulia katika nchi nyingine, huwa na uzito.

DENI LA KUBAKI

Kigezo cha tano ndicho kigumu zaidi, na watetezi wengi hukikwepa: je, mchezaji alinyimwa mataji na bahati, au aliyaacha mwenyewe?

Tottenham ilimtaka Le Tissier mwaka 1990, na baadaye Chelsea ikabisha hodi. Akabaki. Wanaompenda huita hatua hiyo uaminifu, na husema mcheza kwao hutuzwa. Wakosoaji wake huiita woga wa kujipima. Wanasema alijua kwamba katika klabu kubwa angelazimika kufanya mazoezi kwa bidii zaidi, kupigania nafasi kila wiki, na kuvumilia kukaa benchi. Ilijulikana wazi kwamba hakuwa mpenzi wa mazoezi mazito, na mwenyewe hakuficha kwamba maisha ya Southampton yalimfaa.

Mwamuzi mwadilifu hana budi kuzikubali hoja zote mbili. Kipawa ni amana, na mwenye amana anaweza kuulizwa aliitumiaje. Hatutajua kamwe kama Le Tissier angeng'aa katika fainali za Klabu Bingwa Ulaya, na sababu moja ya kutojua ni uamuzi wake mwenyewe. Anayemsifu kwa uaminifu wake sharti akubali pia kwamba uaminifu huo ulikuwa na bei, na kwamba sehemu ya bei hiyo ni swali litakaloulizwa daima.

Hata hivyo, kuchagua si kushindwa. Mtu aliyefanya kazi moja kwa miaka 16, mahali alipopendwa na alipohitajiwa, hakupoteza maisha yake ya kazi kwa sababu tu wengine waliona ni bora angefuata kombe.

SHEARER NA DI NATALE

Njia nzuri ya kulipima chaguo ni kuwatazama waliochagua vingine. Alan Shearer alikuwa mwenzake Le Tissier Southampton hadi mwaka 1992 alipohamia Blackburn. Aliondoka, akapata ubingwa wa ligi mwaka 1995. Mwaka uliofuata alijiunga na Newcastle, klabu ya nyumbani kwao, kwa pauni milioni 15, fedha ambazo wakati huo hazikuwa zimewahi kulipwa kwa mchezaji yeyote duniani. Huko hakushinda chochote. Alipoteza fainali za Kombe la FA mwaka 1998 na 1999, na alistaafu mwaka 2006 akiwa mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 260.

Leo sanamu yake imesimama Newcastle, mji aliokosa kuuletea kombe, na wala si Blackburn alikopata nishani. Mashabiki wenyewe ndio walioamua urithi wake uko wapi.

Nchini Italia yuko Antonio Di Natale. Alistaafu mwaka 2016 baada ya miaka 12 katika klabu ya Udinese, bila kombe. Aliongoza kwa ufungaji mabao katika Serie A misimu miwili mfululizo, kwa mabao 29 mwaka 2010 na 28 mwaka 2011, akiwa amepita umri wa miaka 30. Juventus ilimtaka mwaka 2010, akakataa kuhama. Jumla ya mabao yake katika Serie A ni 209, nambari ile ile ya Le Tissier kwa Southampton, ingawa ya Mwitaliano huyo ni ya ligi peke yake.

Lakini naye ana doa. Mnamo Agosti 2012, Udinese ilipokuwa ikiwania kuingia hatua ya makundi ya Klabu Bingwa Ulaya dhidi ya Braga, iliondolewa kwa mikwaju ya penalti. Lawama hazikumwangukia Di Natale bali mwenzake aliyekosa. Linalobaki kwake ni hili: aliifikisha klabu ndogo hadi kwenye mlango wa vigogo mara mbili, mwaka 2011 na 2012, na mara zote mlango ukafungwa.

JEZI YA TAIFA

Kigezo cha sita ni timu ya taifa, na hapa tahadhari inahitajika zaidi. Mchezaji huweza kuchagua klabu, lakini kwa kawaida hachagui nchi.

Le Tissier aliichezea Uingereza mara 8 tu bila kufunga bao. Mnamo Aprili 1998 alifunga mabao matatu katika mechi ya kikosi cha pili cha taifa dhidi ya Urusi, lakini kocha Glenn Hoddle, aliyekuwa kipenzi chake utotoni, akamwacha nje ya Kombe la Dunia la mwaka huo. Mabeberu wa takwimu husema mechi 8 ni ushahidi kwamba hakufikia kiwango. Watetezi hujibu kwamba makocha waliogopa mchezaji asiyeingia katika mpango wao. Ukweli huenda uko katikati: nafasi alizopewa zilikuwa chache, na katika hizo chache hakung'aa.

Barani Afrika mfano ulio wazi zaidi ni Didier Drogba. Kwa upande wa klabu alitwaa mataji tele akiwa na Chelsea, lakini akiwa na Ivory Coast alipoteza fainali mbili za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mikwaju ya penalti: mwaka 2006 dhidi ya Misri na mwaka 2012 dhidi ya Zambia. Katika hiyo ya pili alikosa penalti wakati wa mchezo wenyewe. Alistaafu kutoka timu ya taifa Agosti 2014. Mnamo Februari 2015 Ivory Coast ikatwaa kombe hilo bila yeye, kwa kuilaza Ghana kwa penalti 9-8.

Je, waliokuwa kikosini siku hiyo wote ni wakubwa kuliko Drogba kwa sababu ya nishani aliyoikosa kwa miezi sita? Hakuna anayedai hivyo. Waivory Coast hawajasahau kwamba mwaka 2005, nchi yao ilipokuwa imegawanyika kwa vita na timu ikawa imefuzu kwa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, ni Drogba aliyepiga magoti pamoja na wenzake mbele ya kamera na kuwaomba wananchi waweke silaha chini.

KWETU NYUMBANI

Suala hili linatugusa Wakenya kwa karibu. Harambee Stars imecheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika miaka ya 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019, na mara zote haikuvuka hatua ya makundi. Tukishikilia kwamba nyota hupimwa kwa kombe la bara peke yake, basi itatubidi tutangaze kwamba nchi hii haijawahi kuzaa mwanasoka.

Mtazame Dennis Oliech. Alikuwa na umri wa miaka 18 alipofunga bao la pekee dhidi ya Cape Verde jijini Nairobi mnamo Julai 2003, lililoipeleka Kenya katika fainali za 2004 baada ya kukosa tangu 1992. Huko Tunisia alifunga moja ya mabao matatu Kenya ilipoilaza Burkina Faso 3-0, ushindi wa kwanza kabisa wa taifa hili katika fainali hizo. Kisha akacheza Ufaransa kwa miaka mingi, katika klabu za Nantes, Auxerre na Ajaccio, bila kutwaa ubingwa wa nchi hiyo. Kwa hesabu ya vikombe vya huko, aliondoka mikono mitupu. Kwa hesabu ya vijana waliotazama mechi zake wakaamini kwamba mtoto wa Nairobi anaweza kucheza Ulaya, mikono yake ilikuwa imejaa.

Victor Wanyama aliyemfuata alijiunga na Southampton hiyo hiyo mwaka 2013 akitokea Celtic, na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza.

Na yuko marehemu Joe Kadenge, aliyefariki Julai 2019. Nyota huyo wa Abaluhya hakukosa mataji, lakini ni Wakenya wangapi leo wanaoweza kuyataja? Wanachokumbuka ni sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela redioni: "Kadenge na mpira". Maneno hayo matatu yamedumu kuliko kombe lolote lililowekwa kabatini.

KINACHOBAKI

Kigezo cha mwisho ni urithi, yaani kile kinachobaki baada ya mchezaji kuondoka. Hapa pia tusitumie hisia tupu. Southampton iliteremshwa ngazi mwaka 2005, miaka mitatu baada ya Le Tissier kustaafu, na kumaliza miaka 27 mfululizo katika daraja la juu. Wapo wanaosema huo ni ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeishikilia. Lakini msimu wa kwanza bila yeye, 2002/03, timu hiyo ilimaliza ya nane na kufika fainali ya Kombe la FA, ilikolazwa 1-0 na Arsenal. Klabu huishi bila nyota wake, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Urithi wake uko mahali pengine. Mnamo Mei 19, 2001, Southampton ilicheza mechi ya mwisho ya ligi katika uwanja wa The Dell, ulioitumikia klabu kwa zaidi ya miaka 100. Le Tissier, aliyekuwa amesumbuliwa na majeraha na hakuwa amefunga bao lolote la ligi msimu huo, aliingia kama mchezaji wa akiba. Mechi ikiwa sare ya 2-2 na dakika zikiyoyoma, mpira ulimjia ndani ya kijisanduku, akageuka na kuutandika kwa mguu wa kushoto, ule usio wake wa kawaida. Arsenal ikalala 3-2. Lilikuwa bao la mwisho la ligi katika uwanja huo, na bao lake la mwisho la ligi kwa klabu hiyo.

Bao hilo halikuleta kombe. Southampton ilimaliza msimu katikati ya jedwali. Lakini waliokuwapo siku hiyo walikwenda nyumbani na kitu ambacho hakiwezi kunyang'anywa wala kuuzwa.

Hukumu yetu, kwa hivyo, ni hii. Kwa kipawa, Le Tissier anastahili kutajwa pamoja na mafundi wakubwa wa kizazi chake. Kwa mafanikio, rekodi yake ni pungufu, na sehemu ya upungufu huo aliichagua mwenyewe. Kwa urithi, aliwaachia watu wake furaha waliyoihitaji katika miaka ambayo hawakuwa na kingine cha kujivunia.

Nyota mwingine atakapotundika daluga bila taji, msomaji na ajiulize maswali hayo matatu, moja baada ya jingine, kabla ya kutamka "lakini". Nasi wahariri tuna wajibu wetu. Kombe likikosekana, liandikwe kwamba limekosekana. Ila tusiandike kwamba mikono ilikuwa mitupu kabla hatujaifungua na kuitazama.